Nipunguze cherehani ili mume wangu arudi?

SWALI

Shikamoo dada mshauri. Nina miaka 39, ninaishi Tanga, nimeolewa miaka 14 na tumejaliwa watoto watatu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaacha kazi baba Hafidh alipopata uhamisho, nikawa mama wa nyumbani. Mwaka juzi nilinunua cherehani nikaanza kushona sare za shule, na kwa uwezo wa Mungu sasa nina wasichana wawili wananisaidia. Mwaka jana baba Hafidh akapunguzwa kazi. Alikuwa msimamizi wa ghala. Sasa kodi, ada na chakula vinatoka kwangu. Sijamsimanga hata siku moja. Kila asubuhi namwachia hela ya matumizi juu ya friji, naenda zangu kazini. Yeye bado anaamka saa kumi na moja, anapiga pasi shati, analivaa, anakaa barazani. Usiku anageukia ukutani. Huu ni mwezi wa nane. Siku mojamoja akinigusa naona kama anamgusa mama Hafidh, si mimi. Zamani aliniita kwa jina langu. Shoga yangu akanishauri nirudie mafunzo ya somo wangu aliyenifunda: udi, asmini, shanga. Nimefanya. Akasema ahsante, akalala. Mama mkwe anasema nimempanda mwanawe kichwani. Na sitaki kukuficha, nikiwa kwenye cherehani najisikia mtu, kwa mara ya kwanza tangu niache ualimu. Je, nipunguze kazi ili mume wangu arudi? Na mama mkwe nimjibu nini?

Mama Hafidh

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Swali lako la kwanza jibu lake ni hapana, usipunguze cherehani. Nalitanguliza kwa sababu mwanamke anayeuliza hivyo mara nyingi ameshaanza kupunguza kimyakimya: ameshakataa oda mbili tatu, ameshaanza kuficha daftari la wateja mumewe akiingia. Kama umeanza, acha. Kwa nini nasema hivyo nitakueleza taratibu, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudi nakuta jambo jingine.

La kwanza ni hili. Jina la Hafidh limo mara nne, lako halimo. Unasikitika kwamba mumeo ameacha kukuita kwa jina lako, na bado unaniandikia mimi nisiyekujua, mahali ambapo ungeweza kujipa jina lolote, hata la kubuni, halafu unatia saini Mama Hafidh. Sikulaumu. Kwetu kuitwa kwa jina la mtoto ni heshima kubwa. Niliwahi kukaa na mama aliyelingoja jina hilo miaka tisa. Siku jirani alipomwita Mama Salma kwa mara ya kwanza alikwenda uani akalia kwa furaha. Tena katika makabila mengi ya nchi hii mke kumtaja mumewe kwa jina tupu ni kumkosea adabu, na mume naye huona haya kumwita mkewe jina la usichana mbele za watu. Desturi hiyo siigombi. Ninachouliza ni kama jina hilo mnalivua mlangoni mkiingia chumbani, au mnalala nalo.

Kwa kuwa umemtaja somo wako, na kwa jina la mwanao, nachukulia kwamba ninyi ni Waislamu, basi nikukumbushe jambo. Bi Aisha alikuwa na jina la heshima, Umm Abdallah, mama wa Abdallah, ingawa hakuzaa. Lilitokana na mtoto wa dada yake. Lakini hadithi sahihi zimetuhifadhia namna Mtume alivyomwita mwenyewe: "Ya Aish." Amelikata jina la mkewe kwa mahaba, kama tunavyofanya sisi tunapomwita Mwanaisha "Isha". Mwanamke mmoja, jina moja la watu, jina jingine la ndani. Kwenu hilo la ndani limepotea, na bila shaka hakuna aliyeliona siku lilipopotea. Lilipotea kidogokidogo, kati ya chanjo za mtoto na vikao vya wazazi.

Sasa twende kwa baba Hafidh, na hapa nakuomba usome polepole. Umeniandikia habari ya shati kwa sentensi moja, lakini mimi ndipo niliposimama. Mtu aliyekata tamaa hapigi pasi. Huyu anaamka gizani, anawasha pasi, ananyoosha kola, anafunga vifungo, halafu anakaa barazani kwa sababu hakuna mahali shati hilo linapohitajika. Anajilinda asipotee. Ghalani alikuwa mtu wa kuamua: mzigo huu utoke, ule ubaki, hapa weka saini, lori lile lisubiri. Watu walimwita kwa cheo chake. Alipopunguzwa hakupoteza mshahara peke yake, alipoteza na jibu la swali analoulizwa kila akikutana na mtu, "Siku hizi uko wapi?"

Halafu kuna friji. Najua unaweka hela pale kwa huruma, usimtie aibu ya kuomba. Nia yako ni njema. Lakini mdogo wangu, hivyo ndivyo mtoto anavyoachiwa hela ya mandazi. Anaamka, anaikuta, anaitumia, hakuna aliyemuuliza lolote. Na usiku mtu huyuhuyu analala kando ya mwanamke anayemwita mama Hafidh, na nina hakika siku nyingi hulikata akabakiza "mama" peke yake. Yaweke pamoja hayo mawili. Mchana anajiona mtoto, usiku kinywa chake kinamwita mkewe mama. Hamu itatoka wapi? Halitambui hilo hata yeye mwenyewe, na ukimuuliza atakwambia amechoka. Mwili unatambua.

Ndiyo maana nikasema usipunguze cherehani. Mkikutana kitandani mnakutana vyeo viwili, mama wa mtoto na msimamizi wa ghala, na kimoja cha vyeo hivyo kimefutwa. Ukijipunguza wewe ili naye asijione mdogo, mtakuwa mmepotea wote wawili, na giza la chumba chenu litazidi. Miaka yote ile kabla ya cherehani ulikuwa mdogo kwa kadiri mama mkwe anavyotaka. Je, ukaribu wenu ulikuwa mkubwa wakati ule? Jijibu kwa ukweli, usinijibu mimi.

Kulikuwa na mtaalamu wa saikolojia aliyelifikiria sana jambo hili, Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 akafia Marekani mwaka 1994. Alisema mtu hupita hatua, na hatua ya kujua "mimi ni nani" hutangulia hatua ya kuwa karibu kweli na mwenzake. Asiyejijua akisogelewa huogopa kumezwa, basi hujitenga. Huyu hakuwa akisema nadharia tupu. Baba yake mzazi hakumjua, akalelewa kwa jina la baba wa kambo, Homburger, na mwaka 1939 alipopata uraia wa Marekani akajiandikia jina jipya, Erikson. Jambo la jina alilijua mwilini mwake. Mwanasaikolojia Carol Gilligan alikuja kumkosoa mwaka 1982 kwamba alipanga hatua zake kwa kuwatazama zaidi wanaume. Kwa wanawake, alisema, kujijua na kupenda vinakua pamoja. Mimi nikikaa na wake za watu hapa pwani naona kwamba tumegeuza mpangilio wote. Tunaolewa kwanza, tunazaa, tunalea, halafu tukikaribia arobaini, mtoto wa mwisho akianza shule, ndipo swali la "mimi ni nani" linapotukuta jikoni. Wewe limekukuta kwenye cherehani. Si dhambi, na wala hujachelewa. Ila ujue mumeo alioa mtu mmoja na sasa anaamka na mtu anayekua mbele ya macho yake, wakati yeye anahisi anapungua.

Na asikudanganye mtu kwamba mke mwenye kipato humvunja mume. Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara yake, na Mtume alitembeza mali zake kabla hawajaoana. Kilichowaweka karibu hakikuwa nani ana mkoba mzito.

Kuhusu udi na shanga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo kule Pangani, na mambo hayo nayaheshimu. Nilikuwa mdogo nikitumwa kuchuma asmini, nikiwasikiliza wakubwa nisivyotakiwa kusikiliza. Bibi alikuwa na tabia moja ambayo masomo wengi wa sasa wameiacha. Kabla hajamfundisha mwali chochote kuhusu mume, alimkalisha mkekani, akamshika viganja, akamuuliza: "Na wewe wapenda nini?" Mwali akicheka kwa haya, bibi alingoja. Akisema sijui, bibi alimwambia rudi kesho. Alimfundisha kufukiza udi kwenye nguo zake mwenyewe hata siku ambazo hakuna wa kumnusa. Siku hizi kwenye kitchen party msichana anafundishwa saa tatu nzima mume anapenda nini, na swali lile la mkekani halimo kabisa.

Kwa hiyo sikatai shanga zako. Nasema zilimfikia mumeo kama karatasi ya mtihani. Aliona udi, akaona shanga, akajua usiku huu natakiwa kufaulu. Mwanaume anayejiona ameshafeli mchana kutwa haingii chumba cha mtihani usiku. Akasema ahsante, akageuka. Hakukukataa wewe, alikimbia majibu.

Kabla sijaendelea, niseme ya mwili, maana miezi minane ni mingi. Apimwe sukari na presha. Kisukari huharibu mishipa na neva, na dalili yake kwa mwanaume huweza kuanzia hapohapo kwenye tendo. Baadhi ya dawa za presha nazo hupunguza nguvu, na daktari anaweza kuzibadilisha. Kukosa hamu, kuamka alfajiri kabla ya wakati na kukaa kimya kutwa kunaweza kuwa sonona, ugonjwa unaotibika, si uvivu wala mkosi. Wewe pia, kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango na hamu imeshuka, mweleze mhudumu. Lakini asije akaingia kwenye vumbi la Kongo na unga mwingine wa kuongeza nguvu za kiume unaouzwa vichochoroni. Hujui kilichochanganywa ndani, na dawa za nguvu za kiume za aina ya sildenafili zikikutana na dawa za moyo za naitreti hushusha presha ghafla hata mtu akafa. Nimewaona wanaume wenye hofu kama ya mumeo wakianzia huko kwa sababu ni rahisi kununua unga kuliko kusema "naogopa".

Sasa mfanye nini. Anza na hela, ukiacha kitanda kwanza. Ondoa hela juu ya friji. Mwisho wa mwezi kaeni mezani na daftari, weka kila kilichoingia na kila kinachotakiwa kutoka, kisha nyamaza umwache apange. Huyu amesimamia ghala, kugawa na kuhesabu ndiyo kazi aliyoijua. Akipanga tofauti na ulivyotaka, jadilianeni kama watu wawili, usikubali tu ili kumridhisha. Mtu mzima anatambua anapobembelezwa. Usimpe kazi ya huruma kwenye ushonaji, kumtuma vifungo sokoni ili asikae bure. Ila kama kweli unapoteza vitambaa na hujui vinaishia wapi, na fundi yeyote mwenye wasaidizi wawili anapoteza, muulize kama unavyomuuliza anayejua. Na akipika, akiwapeleka watoto shule, hiyo ni kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kama jasho lako la jikoni miaka ile lilikuwa mchango, lake leo ni nini? Mwambie hivyo kwa maneno yako. Wanaume wengi hawajawahi kuambiwa.

Halafu jina. Usimwekee kikao kuhusu jina. Anza wewe: mkiwa wawili, mlango umefungwa, mwite kwa jina ulilomwita mlipokuwa wachumba. Atashtuka. Anaweza hata kukuuliza kuna nini. Mwambie umelikumbuka. Basi. Ulimi wake utarudi wenyewe kwenye jina lako, pengine si siku hiyo.

La kitandani ni hili, na ni gumu kuliko linavyosikika. Kubalianeni, kwa maneno, kwamba kwa wiki tatu hakuna tendo. Mtalala karibu, mtagusana mgongo, mikono, nywele, miguu, kwa zamu, na anayeguswa ndiye anayesema hapa ndiyo, hapa hapana, taratibu, bonyeza kidogo. Njia hii iliandikwa na Wamarekani William Masters na Virginia Johnson mwaka 1970 na washauri wa ndoa duniani wanaitumia mpaka leo, kwa sababu inaondoa mtihani. Hakuna wa kufeli. Na ina faida nyingine ambayo kwako wewe ni kubwa zaidi: itakulazimu ujue unapenda nini. Ukisema "sijui", ndilo jibu la mwali wa bibi yangu. Rudi kesho. Nina mama mmoja wa miaka 50 na kitu aliyeniambia, uso kauinamisha, kwamba usiku wa nne aligundua anapenda kushikwa kisigino. Ndoa ya miaka 28, watoto watano, na kisigino chake hakuna aliyewahi kukijua, pamoja na yeye. Alipokuwa akinisimulia alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nilishindwa kuandika chochote kwenye faili siku hiyo.

Kati ya zamu na zamu ya kugusana, ulizaneni maswali. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake Marekani walichapisha maswali 36 waliyowapa watu wasiojuana, yakianza mepesi na kwenda ndani zaidi, na kwa dakika zipatazo 45 watu hao walijisikia karibu kuliko wale waliopiga soga tu. Sikwambii uyatafute. Tunga yako. Muulize siku gani ghalani aliona fahari kuliko zote. Muulize angekuwa kijana wa miaka 20 leo angesomea nini. Muulize anadhani watu wa msikitini wanamwonaje sasa, na hapo jiandae kunyamaza muda mrefu. Naye akuulize. Mwambie jambo uliloniambia mimi badala yake, kwamba kwenye cherehani unajisikia mtu. Umeniandikia mimi mgeni siri hiyo, mwenye haki nayo hajaisikia. Huenda ndiye mtu pekee mjini Tanga atakayeielewa kwelikweli, kwa kuwa ndicho kitu alichonyang'anywa mwaka jana.

Inaweza kuwa kwamba atakataa yote haya. Atasema upuuzi, atatoka. Mpe muda, endelea kumwita jina lake, endelea na kazi yako. Akianza kukulazimisha, kukupiga au kukuharibia cherehani, hilo si suala la ukaribu tena. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na dawati la jinsia la polisi lipo kwa ajili hiyo. Katika barua yako sioni dalili hiyo. Naona mtu anayepiga pasi.

Mama mkwe usimjibu kwa hoja, na habari za chumbani asizijue kabisa, hata akikukuta unalia. Naye amepoteza kitu. Miaka mingi kwenye shughuli aliketi mbele akiwa mama wa msimamizi, sasa anaulizwa mwanawe yuko wapi na hana la kusema, basi hasira anailetea kwako kwa kuwa wewe uko karibu. Muulize mwanawe alikuwaje akiwa mdogo, nyumbani walimwitaje, alipenda michezo gani. Sikiliza, maana utaokota maswali ya kumuuliza mumeo humo. Na Ijumaa hii ukienda kumsalimia, chukua futi yako ya kupimia, mpime gauni la Idi, umuulize yeye mwenyewe anapenda shingo ya namna gani.